Nani Atangulie

"Wazo lilikuwa langu!" Dakta Laurian aligonga meza, chai ikamwagika.

"Wazo? Wewe uliota tu," akajibu Dakta Chediel. "Mbegu alizileta nani?"

Ilikuwa wiki ya sita ya ugomvi. Makala yao juu ya alizeti inayovumilia ukame ilikuwa imekamilika hadi nukta ya mwisho. Kilichobaki ni jina la nani litangulie. Wa kwanza ndiye dunia ingemtaja; wa pili angeitwa "na mwenzake".

Jina la tatu halikuleta ugomvi kwa sababu halikuwepo. Scola Alute, msaidizi wao, alikuwa amepanda bodaboda kwenda Ilongero misimu miwili, akapima vichwa elfu nne vya alizeti kwa mkono, akarudi Singida mjini akaandika kila ukurasa. Wao shambani walifika mara moja, kupiga picha.

"Na mimi je?" aliwahi kuuliza.

"Wewe tutakushukuru mwishoni," Laurian alimwambia. "Kwa maandishi madogo."

Scola hakununa. Aliendelea kuwachemshia chai na kuwasuluhisha.

Siku moja Chediel akalegea. "Basi, atangulie huyu mzee. Amenizidi miaka."

"Ni sawa, Dakta," Scola akasema taratibu. "Ila watu watadhani ulikuwa mwanafunzi wake."

Chediel akafuta kauli. Mwezi ukapita.

Laurian naye akakubali warushe shilingi. Scola akamsogelea sikioni. "Msomi kama wewe, Dakta, kwa shilingi?"

Laurian akairudisha mfukoni.

"Huyu binti ana busara sana," wakasema wote wawili. Ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Mwezi wa tano wa ugomvi wakachoka. Wakafuata alfabeti: Chediel, kisha Laurian. Laurian alisaini amevimba kama andazi. Makala ikatumwa kwa mhariri wa jarida.

Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Chediel alisimama kulisoma kwa sauti, kifua mbele.

"Waheshimiwa, utafiti huu tuliupokea miezi minne iliyopita, na tumeuchapisha wiki jana. Tafadhali mwandikieni mwenyewe, Bi Scola Alute, mumweleze mlikozipata takwimu zake."