Ule wa Pembeni

Fundi aliiweka simu juu ya meza ya mwenye kitalu, picha ya sebule yake ikiwa wazi, akasema anataka yote.

"Yote ipi?" mwenye kitalu akauliza.

"Mimea yote unayoiona hapo. Aina ileile, urefu uleule. Na vyungu vifanane."

Picha ile aliipiga mkewe asubuhi ya safari. Sebule ilikuwa imependeza mpaka inaudhi: mimea ya kutambaa juu ya kabati, mingine imening'inia dirishani, midogo imejipanga kando ya redio, na pembeni, nyuma ya kiti cha Fundi, mmoja mkubwa wa majani mapana uliokaribia dari.

Mkewe alikwenda kwa binti yao, aliyekuwa anarudi masomoni na hana pa kumwacha mtoto. Mtoto angekuja kwa babu na bibi, ila bibi bado alikuwa na kazi yake. Maana yake mchana kutwa mtoto angekuwa mikononi mwa Fundi, mstaafu, ambaye hata chai aliwahi kuiunguza.

"Tuanze na mimea," mkewe alisema akifunga begi. "Ukiiua hii, mtoto haji."

Fundi alimtaka mjukuu yule kupita maelezo. Tangu aache kazi, mchana nyumba ilikuwa kimya, na kimya kilikuwa kinamla. Kile kiti kidogo alichokalia binti yao utotoni alishakigonga misumari na kukipaka rangi.

Mkewe alimwelekeza mmoja mmoja: huu kikombe, huu nusu, huu gusa udongo kwanza. Alipofika pembeni akasema, "Huu usihangaike nao. Nitakuja kuushughulikia mwenyewe." Fundi aliona amedharauliwa.

Basi akajitia ujuzi. Mimea si inataka jua na maji? Akaitoa yote roshani, ule wa pembeni ukiwa wa kwanza, akavuta mpira wa maji, akamwaga asubuhi na jioni. Jua la msimu ule halikuwa na mchezo. Mimea ilijikunja, ikawa kahawia, ikanuka. Ule wa pembeni ulikaza kwa muda mrefu kuliko mingine, lakini nao ukapauka ukawa mweupe, na siku Fundi alipoushika, jani lilivunjika mkononi kama ganda la yai. Aliitia yote kwenye magunia, akawakabidhi watu wa taka huku ameangalia kando.

Ila maisha yake yote Fundi alikuwa akitengeneza mafriji. Kifaa kikifa, unatafuta kingine kama kile, unakifunga, mteja anakunywa maji baridi. Ndiyo akaja kitaluni.

Mwenye kitalu aliivuta picha kwa vidole ikawa kubwa. "Mingine utaondoka nayo leo. Huu wa pembeni nitautafuta. Nani anautunza?"

"Mke wangu."

"Mpe hongera. Hauna jani la njano, hauna kovu, hauna hata tundu la mdudu. Mimi na kazi yangu yote hii sijaufikisha hapa."

"Anaupangusa kwa kitambaa kila Jumamosi."

"Ndiyo siri yenyewe," alisema mwenye kitalu, akatikisa kichwa kwa heshima.

Mmea ulipopatikana, Fundi aliupanga na wenzake kwa kuangalia picha, akizungusha vyungu mpaka kila jani likae linapotakiwa. Juu ya udongo wa ule wa pembeni akatandaza kokoto nyeupe, kama zilivyokuwa. Safari hii alifuata maelekezo neno kwa neno, maana spea nyingine hakuwa nayo. Akazoea kuamka na kugusa udongo kabla ya kunawa uso. Akaanza hata kuisalimia, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Mkewe aliporudi, aliweka begi chini na hakukaa. Alizunguka mmea kwa mmea, akitia kidole kwenye udongo. Fundi alikuwa kitini, anafungua rimoti ya televisheni isiyokuwa na ubovu wowote.

Mkewe akafika pembeni, akasimama. Alilishika jani moja, akalikunja kidogo. Akainama, akanusa. Katikati, kwenye shina, kulikuwa na jani changa, bado limejiviringisha.

"Na huu ulikuwa unaumwagilia?"

"Nusu kikombe. Najua ulisema nisihangaike nao, lakini niliona vibaya mingine inywe na huu uangalie tu."

"Ukanywa?"

"Ukanywa."

Mkewe alimtazama, akatazama kile kiti kidogo chenye rangi mpya, akamtazama tena.

"Kazi umeifanya," alisema, akachukua simu akaingia chumbani.

Fundi aliiweka rimoti chini, akatega sikio. Mlango haukuwa umefungwa vizuri.

"Mlete mtoto, mwanangu," mkewe alikuwa akisema. "Baba yako anaweza. Hata ule wangu wa plastiki ameuotesha jani jipya."