Marejeo Sifuri

Mjinga wa siku hiyo alikuwa yeye, na alijitangaza mwenyewe kabla hajaulizwa. Alimtangazia mhudumu wa maktaba, akamtangazia mfagizi aliyekuwa akipitisha tambara chini ya meza, kisha akampigia simu mkewe.

"Mke wangu, njoo. Nimefanya ujinga."

Chuo kizima kilimwita Bwana Marejeo. Kila mtafiti ana orodha ya vitabu na makala alizosoma, na kila orodha ina muundo wake. Ofisi ya tasnifu, kwa roho yake mbaya, hutaka muundo mwingine. Kazi ya Bwana Marejeo ilikuwa kugeuza muundo mmoja kuwa mwingine. Hakuwa na vitufe vya rangi wala vipicha vya kubofya. Alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, akaandika amri ya mstari mmoja, na orodha iliyoingia shaghalabaghala ikatoka upande wa pili imenyooka, majina mbele, miaka nyuma, kila nukta mahali pake.

Programu yenyewe aliipenda kama mtu anavyopenda gari kuukuu lililowahi kumfikisha hospitali. Kwenye semina aliwatania wanafunzi: "Hii ina adabu kuwashinda ninyi. Ikikuta faili lina kitu ndani, inasimama mlangoni na kupiga hodi: nifute kilichomo? Usipoandika ndiyo, haitii mguu." Mwaka mmoja msichana wa safu ya nyuma alicheka mpaka akatolewa nje. Ndiye aliyekuja kuwa mkewe.

Na ndiye huyu aliyeingia sasa akihema, kitambulisho cha ualimu kikimning'inia shingoni, chaki bado vidoleni.

"Ujinga gani?"

"Kaa kwanza."

"Nikikaa, ofisi inafungwa."

Ilikuwa siku ya mwisho ya mke kupeleka tasnifu yake. Asipoipeleka, kazi aliyoipata ng'ambo, ya miaka mitatu, inakwenda kwa mwingine; waajiri walikwishamwambia hivyo bila kuzunguka. Sanduku lake lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa chumba tangu wiki iliyopita. Bwana Marejeo alilisogeza kila alipotaka kupita, akawaambia watoto waliamkie, maana limekuwa mgeni wa nyumba. Kwa mkewe alisema, "Nenda, mama. Mimi nitajifunza kusuka nywele za binti yako." Mashemeji walimsifu mpaka akaona haya. Mwanamume wa hivi, walisema, siku hizi hapatikani.

"Nilitaja faili lako la marejeo pande zote mbili," akaeleza, macho kwenye kibodi. "La kusoma na la kuandika, jina lilelile. Programu ikalisafisha ipate pa kuandika. Iliporudi kusoma, ikakuta hamna."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mstari wa mwisho ulisema, bila huruma wala kelele: marejeo yaliyogeuzwa, sifuri. Akafungua tasnifu. Kila mahali palipotakiwa mwandishi na mwaka palikuwa na alama ya kuuliza, ukurasa hadi ukurasa. Ilikuwa miaka saba ya kusoma kwa mwanga wa simu ili watoto wasiamke.

"Flashi yangu," mke akasema.

"Si niliifomati Jumapili, nikafuta vyote? Ilikuwa na virusi. Nikakwambia faili nimelihamishia kwangu, lipo salama."

"Ulisema lipo salama."

"Nilisema. Ndiyo ujinga wenyewe huo."

Mhudumu wa maktaba alileta maji kwenye kikombe cha plastiki. "Pole, mwalimu," akasema. "Jamani, hata fundi huteleza. Muda wote anajilaani hapa, mpaka nimemwonea huruma." Kisha akaona namna wanavyotazamana, akakumbuka kuna vitabu vya kupanga.

Mke hakuyagusa maji.

"Nitukane," akasema Bwana Marejeo. "Nitukane tu, moyo utulie. Nitayaandika upya yote, moja moja. Miezi miwili, ikizidi sana mitatu."

"Wale hawanisubiri hata wiki."

"Zitatokea kazi nyingine. Wewe na kichwa chako hicho, utakosaje? Na huku nyumbani, tuseme tu, watoto bado wadogo. Yule wa mwisho juzi alilia usiku kucha kwa sababu ulichelewa kikaoni." Akajishika, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Sisemi ni heri. Nasema limekwishatokea."

"Limetokea."

"Limetokea, basi. Nimekiri mbele ya watu, sikujificha. Mwingine angesingizia umeme. Mimi nasema mimi ni mjinga, mke wangu, na mjinga utamfanya nini?"

Nje, kengele ya kufunga ofisi ililia. Korido ikajaa sauti za viti vinavyovutwa na milango inayotiwa kufuli, na mtu mmoja akacheka mbali kule ngazini. Mke alisimama akilitazama lile dirisha jeusi, lenye kialama kinachowaka na kuzimika chini kabisa, kikisubiri amri nyingine. Kisha akavua kile kitambulisho shingoni, akaukunja uzi wake taratibu, akakitia mkobani.

"Hii programu yako haiingii bila hodi," akasema. "Nani aliiambia karibu?"