Maji ya Vuguvugu

“Kaingia mjinga mwingine,” Clive alisema, akabonyeza kitufe cha spika ili ofisi nzima isikie.

Ofisi nzima ilikuwa watu watano, na wote walisogeza viti. Asubuhi ile ya Januari mji wa Barnsley, Uingereza, ulikuwa umeganda kwa baridi, simu hazikatiki, na wa kuwachekesha alikuwa Clive peke yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipokea simu za watu walioharibikiwa na boila zao za gesi, mitambo ya kupasha maji na nyumba joto, na kwa hesabu yake hakuwahi kupata mteja mwenye akili. Siku hiyo ndevu hakunyoa, lakini ulimi aliunoa.

“Fundi namba thelathini na moja hapa,” alisema. Majina hawakuruhusiwa kutaja. “Sema, kaka.”

“Boila imekufa,” ilijibu sauti ya mwanamume. “Namba yenu nimeikuta kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake.”

“Kabla hujaizika, iangalie usoni. Kuna saa ndogo ya presha. Mshale uko wapi?”

“Moja na nusu.”

“Presha ipo. Harufu ya gesi?”

“Hakuna. Inajaribu kuwaka, inakoroma kama mtu anayesukutua, halafu inazima.”

Clive alizima kipaza sauti kwa muda, mteja asisikie. “Anayesukutua! Jamani, leo tumempata mshairi.” Pauline, wa meza ya jirani, alicheka mpaka chai ikamwagikia kibodi.

“Kitufe cha kuwashia upya umebonyeza?”

“Mama mwenye nyumba anabonyeza tangu juzi. Mume wake ndiye aliyemwambia: bonyeza, subiri, bonyeza tena. Mimi ni jirani tu. Nimehamia wiki iliyopita.”

“Jirani tu!” Pauline alinong’ona, na wenzake wakaziba midomo.

Clive aliegemea kiti. Mteja mjinga alikuwa chakula chake cha kila siku, lakini mume mjinga alikuwa karamu.

“Siku mbili mama wa watu anabonyeza kitufe kwenye baridi hii? Na huyo bwana yuko wapi?”

“Kazini. Anasema hana muda wa mambo madogo.”

“Ana muda wa kula, bila shaka. Haya, toka nje. Kuna bomba jembamba jeupe la plastiki linatokeza ukutani. Ndilo linalotoa maji ya boila. Limevishwa sponji ya kuzuia baridi?”

Mlango ulisikika ukifunguka, kisha upepo. “Liko uchi kabisa.”

“Basi limeganda. Maji yamekosa pa kutokea, na boila inajizima yenyewe isijidhuru. Ina akili kuliko aliyelifunga bomba hilo. Ni kanjanja, mwambie mama nimesema mimi.”

“Nitamwambia.”

“Chukua maji ya vuguvugu, siyo ya kuchemka, utalipasua. Limwagie taratibu kuanzia juu. Ukimaliza, kitufe kile kile, mara moja tu.”

Ofisi ilisubiri. Maji yalisikika yakimwagika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa mbali mwanamke aliuliza jambo lisilosikika vizuri, jirani akamjibu naye akacheka. Kisha vikaja mlio wa kitufe, kimya kifupi, na mvumo mzito wa moto ulioshika.

“Imewaka!” jirani alipiga kelele. “Mabomba yanaanza kupata joto!”

“Dakika saba,” Clive aliitangazia ofisi, mikono ameitanua. Walimpigia makofi.

Hapo angeweza kuaga. Taratibu za ofisi zilitaka aage. Lakini wenzake wote walikuwa wanamtazama, na alizoea kuwapa cha kwenda nacho kwenye chakula cha mchana.

“Ndugu yangu,” alisema, “kabla hujakata, nipelekee ujumbe kwa huyo mama. Mume anayeshindwa na birika la maji ya vuguvugu ni wa nini? Amtoe uani, amzungushe kwenye hilo bomba badala ya sponji. Walau atakuwa na kazi nyumbani.”

Pauline alipiga meza kwa viganja. Mmoja aliinama akishika mbavu.

Jirani naye alicheka, cheko refu la mtu aliyekunwa panapomuwasha. “Ujumbe umefika, fundi. Na sisi huku tumeweka spika tangu mwanzo, amesikia kila neno. Hebu subiri, anataka kusema na wewe mwenyewe.”

Clive alimkonyezea jicho Pauline, akasogea karibu na simu ili apokee shukrani zake.

“Clive,” ilisema sauti ya mwanamke, polepole, “kumbe siku zote hizi mbili ulikuwa unajua ni maji ya vuguvugu tu?”