Mpangaji wa Kichuguu

Haya yalitokea, na asiyeamini akabomoe kichuguu aone.

Mchwa walijenga kwa siri, na aliyeuliza udongo wao unachanganywaje alifukuzwa. Sisimizi walijenga mlango wazi, na aliyetaka kujua alifundishwa. Koo hizo mbili hazikupikika chungu kimoja. Kwa hiyo Shangazi Sisimizi aliposikia kwamba mpwa wake amepanga chumba ndani ya kichuguu cha mchwa, udadisi ulimwasha. Akayaacha mayai yake nje yapate jua, akaenda kuchungulia.

"Humu chumbani ni sheria zetu tu," mpwa alijigamba. "Hata vijana wa mchwa hujifunzia ujenzi humu. Malkia wao kaniruhusu ili wasitoroke kuja kwenu."

"Na mlango wa nje ni wa nani?"

"Wa Malkia."

"Basi huna nyumba, mwanangu. Wewe ni funza ndani ya embe."

Hawajamaliza, Malkia akaamuru kichuguu kikandikwe upya. Milango yote ikazibwa bila mtu kuulizwa, na huko nje mvua ikanguruma. Shangazi akayakumbuka mayai yake, akaugonga mlango uliozibwa.

Mara ukuta ukatoboka, na mchwa mmoja mkandikaji akachomoza kichwa.

"Pita, Bi Mkubwa. Kutoboa nilifundishwa humu humu."

Shangazi alilikimbilia tundu, lakini hakuweza kuondoka bila kumuuliza mpwa wake. "Malkia anajua unachowafundisha?"

"Hajauliza," mpwa akajibu. "Kwao kuuliza ni mwiko."