Sura ya Kuwaliza Wafadhili

“Hiyo tangi ya maji isionekane,” Nyamai alisema kabla hata ya salamu. “Wafadhili wakiona tangi watasema huyu alishasaidiwa.”

Ladan akaigeuza kamera upande wa jikoni. Alikuwa na wiki mbili tu katika shirika la misaada, na Nyamai ndiye aliyekuwa bosi wake, mtunzi wa hadithi zote zilizotumwa ng'ambo. Njia nzima kutoka mji wa Kwa Vonza hadi huku kijijini Kanyangi alikuwa akimfundisha kazi. Mfadhili hafungui mfuko kwa ajili ya tarafa nzima, alimwambia. Anaufungua kwa ajili ya sura moja. Mpe mama mmoja, mpe chozi, kisha mpe mtu wa kulaumu.

Na mama alikuwa amepatikana. Kalunde alitoka ndani akijifuta mikono, amevaa gauni lake la kanisani, na uso umemjaa furaha ambayo haikufaa kabisa kwa kazi ya siku hiyo.

“Karibuni, karibuni! Chakula iko karibu kuiva. Nilimwita Abdisamad wa duka akuje achinje jogoo yeye mwenyewe, ndio huyu msichana pia akule.”

Ladan, Mwislamu mzaliwa wa Garissa, akamshukuru kwa mikono miwili. Kwa wiki mbili zile hakuna mtu ofisini aliyemuuliza anakula nini.

“Tutakula baadaye, Mama,” Nyamai alisema. “Kwanza toa hiyo gauni, vaa kitu ya shamba.”

Kalunde akarudi ndani. Alipotoka tena amejifunga leso kuukuu, ile furaha ilikuwa imepungua.

Nyamai naye hakuwa mtu wa kukaa. Alizunguka nyuma ya jikoni, mbwa akimfuata na kutikisa mkia, akapiga magoti na kuchomoa kibuyu kilichopasuka kutoka chini ya ghala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bwana huyu kwa ajili ya picha nzuri angetambaa hata kwa tumbo. Akamshikisha Kalunde kile kibuyu.

“Sasa sema vile tuliongea kwa simu. Mtoto wako alienda Nairobi, akapata kazi nzuri, akakutupa.”

Kalunde akakitazama kibuyu.

“Hiyo siwezi.”

“Mama, ni hadithi tu.”

“Hadithi? Hajalala hapa tangu tuzike babake.” Sauti yake ilikuwa ya chini. “Lakini mama hasemi mtoto wake vibaya mbele ya watu. Hiyo ni kiumo, laana ya mzazi. Ikitoka kwa mdomo imetoka, inamfuata kila mahali anaenda, mpaka siku atarudi ainame hapa mbele yangu, nimtemee mate kwa kifua, nimbariki.”

“Hayo ni mambo ya kitambo.”

“Ya kitambo ndiyo yanaua.”

Nyamai akapumua kwa nguvu, kama mtu anayebembeleza mbuzi aingie kwenye pikapu. Kisha akachuchumaa mbele yake.

“Sikia, Mama. Hii filamu isipotoka wiki hii, mradi unafungwa. Na mimi nafutwa kazi.”

“Wewe? Wewe ndio utafutwa?”

“Mimi.”

Kalunde alimwangalia kwa muda mrefu. Ladan alidhani atakataa tena, lakini mama alivuta kigoda, akakaa, akaweka kibuyu magotini na kuielekea kamera.

“Nilimsomesha na mbuzi za babake,” alisema. “Zikaisha, nikabeba mchanga mtoni. Kila Krismasi napika nikimngojea. Akipiga simu najua tu kuna kitu anataka.” Akasita. “Mwanangu alinitupa.”

Chozi lilikuja lenyewe. Hakulifuta.

Nyuma ya kamera Ladan alikuwa akisaga meno. Alimchukia huyo mwana ambaye hakuwahi kumwona. Alimwona waziwazi akilini, amekaa mahali fulani mjini ameshiba, viatu vinang'aa, hana habari.

“Hapo hapo!” Nyamai alipiga makofi. “Umewamaliza, Mama. Hii hata mimi imenigusa.” Alikuwa tayari anakunja nyaya. “Ladan, twende. Nataka nianze kuihariri leo.”

“Na chakula?” Kalunde aliuliza.

“Siku ingine, Mama. Si unajua kazi?”

Akaenda zake kwenye gari, hatua ndefu ndefu, bila kugeuka.

Ladan alibaki akifungasha kamera polepole. Alikuwa amekuja kazini akiamini kwamba hadithi huokoa watu, na sasa alijihisi kama mwizi aliyekaribishwa chai. Mlangoni pa jikoni aliona sahani tatu zimekwisha kupakuliwa, moja ikiwa na firigisi juu, kipande cha mwanamume. Mvuke ulikuwa bado unatoka.

“Mama,” alisema, “niambie jina la huyo mtoto wako. Nitamtafuta mimi mwenyewe, hata kama ni kuzunguka Nairobi yote. Nitamwambia maneno yatamfuata, arudi ainame umbariki.”

Honi ililia barabarani. Ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja.

Kalunde aliichukua sahani yenye firigisi, akaifunika kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa na kumpa Ladan.

“Usizunguke, mwanangu,” alisema. “Si ndiye huyo anakupigia honi.”