Mukeke wa Binti wa Luvungi

Mwezi mzima mimi na mke wangu Fabiola tulizunguka: arusi kwao Luvungi, ubatizo Bujumbura, huku wali, kule mbuzi. Karamu ya mwisho aliipika yeye, hapa Uvira, mbele ya baba yangu mvuvi, aliyeapa hatakula chakula cha mke asiyezaliwa ziwani.

"Weye binti wa mashamba ya mpunga," baba alimchokoza, "mukeke, samaki wa ziwa letu, utaujulia wapi?"

"Onja kwanza, papa. Utanitukana ukishashiba."

Fabiola hakuinamisha macho. Kifua kilinijaa: huyo ndiye mke wangu!

Baba alimega bugali, akachovya, akalamba mchuzi uliomtiririka hadi kiganjani. Kisha akang'oa kichwa cha samaki, ambacho nyumbani mwetu hakuna mwingine anayekigusa, akakiweka kwenye sahani ya Fabiola.