Sufuria ya Kulsumbai

Kulsumbai alikibamiza kitabu kipya mezani kwa mkutubi. Ukurasa wa tisini ulikuwa na picha ya sufuria yake sebuleni, na maelezo kwamba Wahindi wa mji huu huwawekea mizimu maji ya kunywa.

“Mizimu gani? Paa linavuja! Nilimwambia huyo profesa aliyekiandika kwa kinywa changu mwenyewe.”

Mkutubi alisoma jalada la nyuma. “Lakini bibi, maprofesa watano wamekisifu.”

Kulsumbai alifika nyumbani mvua ikianza. Wageni wawili walikuwa wakimsubiri mlangoni, kitabu kwapani, kamera tayari.

“Tunaomba uitege sufuria kama kawaida, mama.”

Tone la kwanza likadondoka sebuleni. Kulsumbai akaichukua sufuria, akaikumbatia kifuani, akaiacha sakafu ilowe.